Jalada Linaporudi Mezani: Kwa Wapelelezi na Waendesha Mashtaka Wapya

Swali la kwanza ambalo wapelelezi wapya na waendesha mashtaka wapya hujiuliza, hata wasipolitamka, ni hili: kati yetu nani mkubwa? Mpelelezi anaona yeye ndiye aliyekesha akimsaka mtuhumiwa, halafu anatokea mtu wa ofisini anamwambia kesi haina mashiko. Mwendesha mashtaka naye anaona yeye ndiye atakayesimama mbele ya hakimu na kuumbuka kwa jalada ambalo hakulitengeneza. Nimekaa upande wa mashtaka muda wa kutosha kuona ugomvi huu ukizaliwa upya kila kundi jipya linaporipoti kazini. Achaneni na ukubwa. Kila mmoja ajiulize analipwa kujibu swali gani.

Mpelelezi anajibu hili: nini kilitokea, nani alikitenda, na tunajuaje? Mwendesha mashtaka anajibu jingine: katika hayo yote, yapi yanaweza kuthibitishwa mahakamani, yanaangukia kifungu kipi, na je, inafaa kumshtaki mtu huyu? Maswali haya yanafanana kiasi cha kudanganya. Unaweza kumjua mwizi kwa jina na sura na bado huna kesi. Unaweza pia kuwa na ushahidi wa kutosha na isiwe busara kushtaki. Asiyetofautisha mambo haya atamaliza miaka yake ya mwanzo akidhani wenzake wanamhujumu.

Sheria zenyewe zimeligawa jukumu hili kwa njia mbalimbali, na inafaa ujue yako imekaaje kabla hujaanza kubishana. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ni mfano mzuri wa kusoma taratibu. Ibara ya 157 inampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mamlaka ya kuanzisha mashtaka, kuyachukua yaliyoanzishwa na wengine, na kuyasitisha, bila kusubiri idhini ya mtu yeyote wala kupokea amri ya mtu yeyote. Lakini kuyasitisha kunahitaji ruhusa ya mahakama. Ibara hiyohiyo inamruhusu kumwelekeza Inspekta Jenerali wa Polisi achunguze taarifa za uhalifu. Ukifika ibara ya 245 unakuta Inspekta Jenerali naye analindwa: hakuna wa kumwamrisha amchunguze nani au achunguze kosa gani, isipokuwa Mkurugenzi huyohuyo kwa njia iliyotajwa. Kila mmoja ana uhuru wake, na uhuru huo una mlango mmoja tu kuelekea kwa mwenzake. Tanzania, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka imo ndani ya Katiba katika ibara ya 59B, ikafuatiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya mwaka 2008, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama peke yake. Kabla ya hapo, kesi nyingi za mahakama za chini zilikuwa zikiendeshwa na polisi wenyewe. Afande aliyekamata na afande aliyesoma shtaka walikuwa wanatoka kituo kimoja.

Uingereza nayo ilikuwa hivyohivyo hadi juzi tu. Polisi walipeleleza, wakaamua shtaka, wakaajiri mawakili wa kuwasemea. Mwaka 1972 aliuawa London mtu aitwaye Maxwell Confait, na vijana watatu wakatiwa hatiani, kesi ikiegemea maelezo yao ya kukiri mbele ya polisi. Muda wa kifo haukuoana sawasawa na maelezo hayo, na swali hilo halikupata mtu wa kulishikia bango mapema. Mwaka 1975 Mahakama ya Rufaa ikafuta hukumu. Ulifuata uchunguzi, ikaundwa tume ya kifalme iliyotoa ripoti mwaka 1981, ikatungwa sheria mwaka 1985, na mwaka 1986 huduma ya mashtaka inayojitegemea ikaanza kazi. Lakini hata wakati huo polisi waliendelea kuamua shtaka la kwanza, na mwendesha mashtaka akawa anapokea kitu kilichokwisha kuiva au kuungua. Ni sheria ya mwaka 2003 iliyohamishia uamuzi wa kushtaki makosa mazito kwa waendesha mashtaka, huku polisi wakibakiziwa yale madogo. Historia hii naipenda kwa sababu inaonyesha kwamba kuhamisha jina la mwenye kesi hakutoshi. Cha msingi ni nani anauliza maswali magumu kabla mtu hajapandishwa kizimbani.

Kuna nchi zilizokwenda mbali zaidi. Ujerumani, kisheria, mwendesha mashtaka ndiye mwenye upelelezi wote na polisi ni wasaidizi wake. Ufaransa, polisi wa upelelezi wako chini ya mwendesha mashtaka wa Jamhuri, na kwa makosa mazito anaingia jaji wa uchunguzi. Ukisoma sheria hizo peke yake utadhani wanasheria wa huko wanashinda mitaani wakipima nyayo. Hata kidogo. Kesi za kila siku hupelelezwa na polisi mwanzo hadi mwisho, na mwanasheria analiona jalada likiwa limekwisha kunenepa. Kwa hiyo mchoro wa madaraka ulioko ukutani usikupumbaze. Popote utakapofanya kazi, mpaka halisi kati yenu unapita katikati ya jalada, na uhusiano wenu utakuwa mzuri au mbaya kadiri mnavyoandikiana humo.

Kabla ya kulifungua hilo jalada, jifunze viwango vitatu ambavyo watu huvichanganya kutwa. Cha kumkamata mtu ni shaka yenye msingi: kuna sababu ambayo mtu mwenye akili timamu angeikubali kwamba huenda huyu ametenda. Cha kumshtaki ni kikubwa zaidi. Waingereza wanauliza kama kuna matarajio ya kweli ya kumtia hatiani, kisha kama maslahi ya umma yanahitaji ashtakiwe; wengine wanauliza kama ushahidi, usipojibiwa, ungetosha kumtia hatiani. Cha kumhukumu ni kuthibitisha bila kuacha shaka ya maana juu ya hatia yake. Mpelelezi aliyekamata kihalali hakukosea kwa sababu tu mwendesha mashtaka amekataa kushtaki. Kila mmoja amepima kwa kipimo chake. Ningependa jambo hili lisemwe kwa sauti vyuoni, maana nusu ya chuki za kazini inatoka hapa.

Sasa tulitazame jalada moja la kubuni, la aina utakayokutana nayo wiki yako ya kwanza. Maelezo ya mlalamikaji ni mistari michache: alikuwa anatoka kazini saa mbili usiku, vijana wawili wakampokonya simu, wakakimbia, "mmoja wao alikuwa na kisu". Kesho yake kijana mmoja anakamatwa akiwa na simu. Juu ya jalada mpelelezi ameandika: unyang'anyi wa kutumia silaha.

Mwendesha mashtaka mvivu anachapa hati ya mashtaka kama ilivyoandikwa. Mwenye kiburi anaandika "ushahidi hautoshi" na kulirusha. Anayejua kazi anasimama kwenye neno kisu. Kilionekana lini? Kabla simu haijachukuliwa, wakati inachukuliwa, au wakati vijana wanatokomea? Kilikuwa mkononi au kiunoni? Kuna neno la vitisho lilitamkwa? Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuwa na silaha peke yake hakumalizi kazi. Lazima pia kuwe na nguvu iliyotumika au iliyotishiwa dhidi ya mtu, wakati wa kuiba au mara tu kabla au baada yake. Kosa likithibitika kifungo hakipungui miaka 30, na wakati wa kusubiri kesi mshtakiwa hana dhamana. Simu ikiwa ilichomolewa mfukoni na kisu kikaonekana kwa mbali kijana akiruka mtaro, huenda huo ni wizi, na mshtakiwa angekuwa nyumbani kwao akisubiri kesi. Mstari mmoja wa maelezo ndio unaoamua analala wapi.

Vuka mpaka uingie Kenya na jalada lilelile, maswali yanabadilika. Huko kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, cha unyang'anyi wa kutumia nguvu, kinatosheka kwa silaha, au kwa mnyang'anyi kuwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au kwa kumjeruhi mtu. Mradi kulikuwa na nguvu au vitisho, kijana wa pili aliyekimbia ghafla anakuwa na uzito sawa na kisu. Je, mlalamikaji alimwona huyo wa pili akifanya nini, au alikuwa mpita njia tu aliyeogopa akakimbia? Mpelelezi asiyejua viini vya kosa, yaani mambo ambayo lazima yathibitishwe moja moja, kwenye sheria yake hawezi kuuliza swali hili, kwa sababu hajui kama ni swali. Kwa hiyo, afande, kabla hujaandika maelezo ya shahidi wako wa kwanza, kisome kifungu unachokifikiria na uvunje sehemu zake pembeni ya karatasi. Kisha kaa na shahidi. Dakika hizo chache zitakuokolea safari ya kumtafuta akiwa amekwisha kuhama.

Simu yenyewe nayo inahitaji kuongea. Kupatikana nayo kesho yake ni ushahidi mzuri, lakini lazima ithibitike kwamba ni simu hiyo na si nyingine ya rangi ileile: namba yake ya utambulisho, boksi, risiti, picha za mlalamikaji zilizomo ndani. Na kijana alipoulizwa alisemaje? Kama alisema aliuziwa, na akamtaja muuzaji, muuzaji huyo ametafutwa? Wapelelezi wengi hawamtafuti kwa kuona ni uongo wa kawaida. Pengine ni uongo. Lakini wakili wa utetezi atauliza, na jibu la "sikuona haja" hubomoa shahidi kuliko jibu lolote ninalolijua.

Kuhusu utambuzi sitakuchosha, ila soma hukumu mbili: Waziri Amani, ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1980, na Turnbull, ya Uingereza mwaka 1976. Zote zinauliza mambo yanayokaribiana: umbali, mwanga, muda wa kumtazama, kama shahidi alimfahamu mtu huyo kabla. Saa mbili usiku, taa ilikuwa wapi? Ya umeme au ya gari lililopita? Na tafadhali, mlalamikaji asikutanishwe na mtuhumiwa kwenye benchi la kituo asubuhi halafu mchana mwandae gwaride la utambulisho, yaani kumpanga mtuhumiwa mstarini na wengine ili shahidi amchague. Hilo gwaride limekufa kabla halijapangwa.

Sasa nikugeukie wewe wa mashtaka, kwa sababu hapa ndipo tunapofanya madhara makubwa tukiwa tumekaa kwenye viti vyetu. Nimeona majalada yaliyorudishwa polisi mara tatu yakiwa na maelekezo ya maneno mawili: "Kamilisha upelelezi." Upi? Mpelelezi ana majalada mengine mengi mezani, bosi wake anamuuliza takwimu, na wewe umempa kitendawili. Atalilaza hadi umtafute. Andika hivi: mrudie mlalamikaji, achukuliwe maelezo ya nyongeza kuhusu lini na wapi alikiona kisu, na nini kilisemwa. Pata kumbukumbu za namba ya utambulisho wa simu kutoka kampuni ya mawasiliano. Mtafute mtu aliyetajwa na mtuhumiwa kuwa ndiye aliyemuuzia. Kisha ongeza sababu: bila majibu ya swali la kwanza siwezi kushikilia unyang'anyi. Mpelelezi akijua kwa nini unauliza, atakuletea na lile ambalo hukuliuliza.

Lakini kuna mtego ndani ya maelekezo mazuri. Usiandike jibu unalolitaka. Ukiandika "mlalamikaji aeleze kuwa alitishiwa kwa kisu", umekwisha kuiharibu kesi hata kama ni kweli alitishiwa, kwa sababu maelezo ya nyongeza yatarudi na sentensi yako kinywani mwa shahidi, na mtu yeyote aliyesoma majalada kwa miaka miwili atainusa. Uliza swali lililo wazi. Kama mlalamikaji atasema kisu alikiona wakati wanakimbia tu, basi umepata ukweli, shtaka linashuka, na kazi imefanyika. Maelezo ya kwanza yabaki jaladani yalivyo. Hayachanwi wala hayaandikwi upya kwa tarehe ya zamani. Shahidi kutofautiana na nafsi yake ni jambo la kawaida na linaelezeka. Karatasi iliyopotea haielezeki.

Na wewe mpelelezi, ripoti yako ya mwisho kwa mwendesha mashtaka isiwe risala ya ushindi. Ningekuwa na uwezo ningeweka sehemu ya lazima yenye kichwa "Udhaifu". Shahidi namba mbili ni shemeji wa mlalamikaji. Kielelezo kilikaa kwa askari wa zamu usiku mzima kabla ya kuandikwa kwenye daftari. Mtuhumiwa ana jeraha na hatukumpeleka hospitali siku hiyo. Ukiniambia mapema, pengine tunaweza kutafuta shahidi wa kuziba pengo, au kubadilisha shtaka, au kuachana nalo kwa heshima. Nikiyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa utetezi, sina la kufanya zaidi ya kuinamia makaratasi yangu. Wapelelezi bora niliowahi kufanya nao kazi walikuwa wakinipigia simu kuanza na habari mbaya.

Saa ni jambo jingine linalowagombanisha. Kenya, mtu aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi muda huo ukiangukia nje ya saa za mahakama. Japani polisi wana saa 48 za kumkabidhi mtuhumiwa kwa mwendesha mashtaka. Huyo ana saa 24 za kuomba kizuizi kwa jaji, na jaji anaweza kutoa siku 10 na kuongeza 10 nyingine, jumla siku 23 kabla ya uamuzi wa kushtaki, na kwa hilo wanakosolewa sana duniani. Muda ukiwa mfupi, kishawishi ni kukamata kwanza na kutafuta baadaye, kisha kumtupia mwendesha mashtaka mzigo saa kumi jioni ya siku ya mwisho: "Tusaidie shtaka lolote, asitoke." Shtaka lolote ni kitu hatari. Kuna njia halali za kupumua: dhamana ya polisi, ombi la muda mahakamani lenye kiapo na sababu, na kwa Uingereza kipimo maalumu cha kushtaki, cha muda tu, kwa mtuhumiwa hatari ambaye ushahidi wake bado unakuja. Tanzania nayo, kwa marekebisho ya mwaka 2022, imezuia kesi za mahakama za chini kufunguliwa kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa mazito. Wanaokumbuka kesi zilizoahirishwa mwezi baada ya mwezi kwa sentensi ileile, "upelelezi bado unaendelea", watakuambia kwa nini.

Dawa yake si ya kisheria. Mpelelezi ampigie simu mwendesha mashtaka kabla ya kumkamata mtu, pale ambapo hakuna dharura. Katika kesi za fedha, rushwa au mitandao, ambako mtuhumiwa hana mpango wa kukimbia usiku huohuo, hakuna sababu ya kuanza na pingu. Ukaguzi wa hesabu unachukua wiki; saa zinaanza kukimbia dakika unapomshika bega. Ila tahadhari kwa mwendesha mashtaka: ukishauri mapema, shauri. Usianze kuongoza upekuzi wala kukaa chumbani wakati mtuhumiwa anahojiwa kana kwamba na wewe una kitambulisho cha polisi. Ukigeuka kuwa shahidi wa yaliyotokea humo, kesi utaiendeshaje? Na baada ya kushiriki kuitengeneza kwa mikono yako, nani atabaki wa kuitazama kwa jicho baridi?

Nyaraka zinazomsaidia mtuhumiwa. Sehemu hii wageni huiona ndogo. Polisi ndio wanaoshika kila kitu: ujumbe wa simu, picha za kamera, maelezo ya shahidi aliyesema "sikumwona huyu pale". Mwendesha mashtaka ndiye mwenye wajibu mbele ya mahakama wa kuhakikisha upande wa utetezi unapata unachostahili. Marekani waliliweka sawa mwaka 1963 katika Brady dhidi ya Maryland: kuficha ushahidi wenye uzito unaomfaa mshtakiwa kunavunja haki yake, awe mwendesha mashtaka alikusudia au la. Mahakama zao baadaye zikaongeza kwamba hata kilichokuwa mikononi mwa polisi peke yao kinahesabiwa kuwa cha upande wa mashtaka. Uingereza, mwaka 2017, kesi ya ubakaji ilianguka ikiwa tayari mahakamani baada ya kubainika kwamba simu ya mlalamikaji ilikuwa na makumi ya maelfu ya jumbe ambazo utetezi haukupewa, na baadhi yake zikipingana na kesi yenyewe. Hakuna aliyetoka pale salama: si kijana aliyeshtakiwa, si mlalamikaji, si polisi, si mashtaka. Kwa hiyo mpelelezi, orodhesha kila ulichokusanya, hata unachoona hakina maana. Mwendesha mashtaka, isome orodha, usiulizie tu kama ipo. Kuamua kipi hakina maana kunahitaji macho ya pande zote mbili.

Kisha kuna kesi ambazo ushahidi upo na bado hazishtakiwi, na hapo polisi huumia kweli. Kijana mdogo, kosa la kwanza, mali imerudishwa, mlalamikaji amesamehe. Ujerumani wana kanuni kwamba penye ushahidi wa kutosha lazima kushtaki, kisha sheria hiyohiyo ikafungua milango ya kusitisha makosa madogo. Japani mwendesha mashtaka anaweza kuacha kushtaki akizingatia umri, tabia, mazingira na yaliyofuata baada ya kosa. Uamuzi huo ni wa mwendesha mashtaka, na ndivyo unavyopaswa kuwa. Lakini asimwachie mpelelezi mzigo wa kwenda kumweleza mama aliyeibiwa. Ukiamua kutoshtaki, andika sababu kwa lugha ambayo mtu wa kawaida ataielewa, na ikiwezekana kaa naye mwenyewe. Mlalamikaji naye awe na mahali pa kwenda. Uingereza anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya. Ujerumani, kwa makosa mengi, anaweza kufika hadi mahakamani. Japani kuna baraza la raia 11 linalopitia maamuzi ya kutoshtaki, na tangu mwaka 2009 likishikilia msimamo wake mara ya pili, mtu anashtakiwa. Uliza kwako kuna nini, kabla hujaulizwa wewe.

Kurundika makosa ni ugonjwa wa upande wetu zaidi kuliko wa polisi. Tukio moja, mashtaka tisa, ukitumaini mawili yatashika. Hakimu anaona. Mbaya zaidi, pale ambapo makubaliano ya kukiri kosa yanaruhusiwa, kama Kenya tangu mwaka 2008 na Tanzania tangu 2019, lundo la mashtaka linageuka rungu la kumtisha mtu akiri asichokitenda. Chagua kosa linalobeba uzito wa tukio, ongeza shtaka mbadala pale penye sababu, basi.

Mikutano na waandishi wa habari sina mengi ya kusema. Kamanda akishatangaza mbele ya kamera kwamba "mhalifu sugu" amenaswa na silaha mezani, mwendesha mashtaka atakayesema ushahidi haujatosha anaonekana msaliti. Mpelelezi mdogo huwezi kumzuia bosi wako, najua. Unaweza kuhakikisha taarifa unayomwandikia ina neno mtuhumiwa, na haina neno kukiri.

Kesi ikiisha, kwa kushinda au kushindwa, ombeni nakala ya hukumu mkae nayo pamoja, mpelelezi na aliyeiendesha. Hakimu huwa ameandika kabisa wapi palivuja. Na kabla hamjaondoka mahakamani siku ya hukumu, kumbukeni vielelezo: simu ya mlalamikaji ambayo imekaa kwenye bahasha tangu siku ya kwanza. Mwendesha mashtaka aombe amri ya kuirejesha hapohapo, mpelelezi aandike nani kaipokea na lini, muda wa rufaa ukizingatiwa. Pale ambapo kila mmoja alidhani ni kazi ya mwenzake, simu hizo hubaki stoo hadi betri zinavimba.